Jumamosi Tuliyosusia Uwanja

Sikuwahi kuupenda mpira. Nyumbani Ifakara kaka zangu waligombana kila wiki juu ya timu mbili za Dar es Salaam mpaka mama akawa anawafungia nje, na mimi siku zote nilikuwa upande wa mama. Kwa hiyo nilipofika Guangzhou kusomea sayansi ya chakula, mwaka mmoja kabla Hong Kong haijarudishwa China, sikwenda uwanjani kwa ajili ya mpira. Nilikwenda kwa sababu nilisikia mtu anafoka kwa Kiswahili.

Ilikuwa Jumamosi yangu ya kwanza. Nilikuwa nimemaliza siku sita bila kusikia neno la kwetu, natembea na daftari la maneno ya Kichina mkononi, na ile sauti ikatoka nyuma ya maktaba ikisema, "Rudi nyuma bwana, rudi nyuma, nani kakwambia ukae hapo?" Niliifuata mpaka nikaufikia uwanja. Nikakaa kwenye ngazi za saruji, nikasikiliza. Sikuelewa lolote lililokuwa likitendeka pale chini, lakini nilisikiliza saa mbili nzima, na nilipoinuka nilijisikia nimekula.

Aliyekuwa akifoka ndiye kocha. Alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, miaka kama thelathini na tano, amekunja suruali hadi magotini na miguu yake ina tope lililokauka. Ukocha haukuwa kazi yake. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, ila alitutangulia mbali: alikuwa akisomea shahada ya uzamivu, akichunguza ugonjwa mmoja unaokausha mpunga, na lile tope lilitoka kwenye majaruba ya chuo alikopanda mpunga wake wa majaribio. Timu aliianzisha mwenyewe, kwa kugonga milango ya bweni la wageni. Alipata Watanzania wanne, Wakenya watatu, Myemeni aliyekuwa kipa, Mkongo mmoja, na wengine waliokuwa wakija na kuondoka. Wachina waliopita njia walimwita jiaolian, yaani kocha, na yeye aliitikia kama vile ndilo jina alilopewa na wazazi.

Sisi mashabiki hatukuzidi ishirini. Wengi tulikuwa wanafunzi. Aliyetuzidi wote kwa sauti hakuwa mwanafunzi: alikuwa mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa Kariakoo, aliyepanga chumba mtaa wa Xiaobei na kununua viatu vya watoto ambavyo dada yake alivipokea na kuviuza Dar. Alipanda mabasi mawili kila Jumamosi kuja kwetu, amejifunga kanga juu ya sweta, na debe tupu la mafuta ya kupikia kwapani. Alilipiga lile debe kwa mwiko tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Sote tulimwita Mama, hata Myemeni.

Nataka ieleweke tulimpenda kocha kwa nini, kwa sababu bila hilo yaliyofuata yataonekana ukatili. Hatukumpenda kwa ushindi, maana mwaka wangu wa kwanza timu ilifungwa karibu kila mechi. Tulimpenda kwa sababu alijua nani hajapata barua. Yule Mkongo, aliyekuwa hajui Kiswahili wala Kichina cha kutosha, alijifungia chumbani wiki mbili baada ya habari mbaya kutoka kwao. Wiki ya pili kocha akaanza kwenda kila asubuhi, akakaa chini nje ya mlango wake, akawa anadundisha mpira ukutani taratibu, haongei. Siku ya sita mlango ulifunguliwa. Na mimi nilipofeli mtihani wa kwanza wa lugha na kuwaza kurudi nyumbani, hakunipa nasaha yoyote. Alivua saa yake, akaniwekea mkononi, akaniambia kuanzia leo mimi ndiye nitakayeshika muda wa mechi, na nisithubutu kuchelewa. Basi sikurudi nyumbani, kwa sababu nilikuwa na kazi Jumamosi.

Mwaka wa pili, majira ya kupukutika majani, timu ilifika nusu fainali ya kombe la wanafunzi wa kigeni wa vyuo vya mji ule. Mechi ilikuwa kwetu. Wageni walipofika, kocha wao alitazama magoli yetu, ambayo siku zote yalikuwa vyuma vitupu, akasema hachezi kwenye goli lisilo na wavu. Walibishana. Mwishowe kocha wetu akapanda baiskeli, akaondoka, na baada ya nusu saa akarudi na mafungu mawili ya nyavu za kijani nyuma ya baiskeli. Tulizifunga kwa kamba za viatu. Tulishinda mawili kwa moja. Goli la pili lilikuwa la Mkongo, na mpira ulipojaa kwenye zile nyavu zikavimba, tulipiga kelele mpaka mlinzi wa lango akaja kuuliza kuna nini.

Nyavu zilibaki pale siku tano, kwa sababu wachezaji waliomba wazoee kupiga penalti kwenye goli lenye wavu. Siku ya sita tukaenda kucheza fainali chuo kingine, tukachukua kombe. Tulimbeba kocha mabegani. Alikuwa akicheka, na nakumbuka kwamba katikati ya kucheka alinyamaza, akatazama pembeni, halafu akacheka tena. Hakuna aliyemuuliza kitu. Wala hakuna aliyeuliza zile nyavu zilitoka wapi.

Jibu nililipata mwezi wa nne mwaka uliofuata. Nilikuwa nimeanza kupima wanga wa mchele maabara, na mashine niliyoitumia ilikuwa jengo moja na ofisi ya profesa aliyemsimamia kocha. Huyu alikuwa mama wa Kichina aliyekaribia kustaafu, mfupi, mwenye nywele alizozikata mwenyewe mbele ya kioo. Siku moja alinisimamisha kwenye ujia. Aliniuliza kama mimi natoka nchi moja na yule mwanafunzi wake. Nikasema ndiyo. Akanipeleka ofisini, akanimiminia maji ya moto kwenye kikombe, akaanza kusema polepole ili nimwelewe.

Alisema mwanafunzi wake ana akili nzuri na mikono mizuri ya shamba. Alisema chuo kilishamwongezea muda mara moja. Msimu uliopita ndio uliokuwa umlete kwenye matokeo yake ya mwisho, na wiki ambayo masuke yalikuwa yakijaa, mtu akaondoa nyavu za kuzuia ndege. Shomoro walikula majaruba yote kwa siku nne. Akasema alimuuliza nyavu ziko wapi, naye akajibu zimechanika.

Nilikiweka kikombe mezani.

"Msimu huu ndio wa mwisho," profesa aliniambia. "Hawatamwongezea tena. Akikosa, atarudi kwao bila kitu baada ya miaka mitano. Mimi nikimwambia ananiitikia ndiyo, ndiyo, halafu saa kumi na moja jioni anakwenda kwenye mpira. Labda ninyi mnaweza kumwambia."

Nilitoka pale nikiwa na aibu ambayo sijui niieleze vipi. Ni aibu ya mtu aliyekula karamu, halafu anaambiwa mwenye nyumba ameshinda na njaa. Nilijua kocha ana mke Unguja, na binti aliyemwacha hajaanza kutembea. Picha yao alikuwa nayo kwenye pochi, na aliionyesha kwa kila mtu. Miaka mitano. Na katika miaka hiyo mitano hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza mpunga wako unaendeleaje.

Jumapili nilikwenda Xiaobei kwa Mama. Nilimchukua na nahodha wa timu, Mkenya wa Nakuru aliyekuwa akisomea uhandisi wa mitambo. Tulikaa kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu wa kaskazini, mchana, na nikawaeleza yote. Nahodha alikuwa wa kwanza kusema. Alisema bila kocha timu itakufa, na sisi sote tunajua hivyo, na kocha ni mtu mzima anayejua anachofanya. Mama alimaliza supu yake, akafuta mdomo.

"Mimi nina mtoto wa kiume wa umri wako," alimwambia. "Akifukuzwa chuo kwa sababu ya mpira wa Jumamosi, nitawatafuta waliokuwa wakimpigia makofi, nitawauliza mlikuwa mnafurahia nini. Sasa waliokuwa wakipiga makofi ni mimi na wewe. Mimi nimepiga mpaka debe."

Nahodha aliinamisha kichwa. Halafu akasema, "Sawa. Timu ikufe. Lakini nani atamwambia?"

Wote wawili walinitazama mimi.

Nilimwambia siku ya pili yake, kwenye bwalo la chakula, saa sita. Nilikuwa nimepanga maneno kwa heshima, lakini nilipoanza tu akajua. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua miiba ya samaki wake, akasema profesa ana wasiwasi sana, ni kawaida yake, mambo yako sawa. Nikamtajia nyavu. Hapo aliweka vijiti chini.

"Nilidhani siku mbili hazidhuru," alisema. "Ilikuwa hesabu mbaya, basi."

Nikamwomba aache ukocha mpaka avune. Akatikisa kichwa. "Mie siku nzima nipo na mpunga na Kichina changu kibovu. Pale uwanjani ndipo ninapokuwa mtu. Na hawa vijana, nikiwaacha, nani atagonga milango?" Halafu akaniuliza kuhusu mtihani wangu, akamaliza samaki, akaondoka. Saa kumi na moja jioni nilisikia filimbi yake nyuma ya maktaba kama siku zote.

Wazo la kususia lilikuwa la Mama. Alisema mtu hawezi kufundisha uwanja mtupu. Nahodha alizunguka vyumba vyote vya bweni akiongea na wachezaji mmoja mmoja. Baadhi walikataa, mpaka akawaeleza kisa cha shomoro. Mkongo alipoelewa kwamba goli lake liliingia kwenye nyavu zile, alikaa kitandani, akajifunika uso kwa mikono yake. Mimi niliwaendea mashabiki. Tulikubaliana kwamba Jumamosi hakuna atakayekwenda, hata mmoja, na hakuna atakayemwambia.

Jumamosi hiyo nilisimama kwenye dirisha la ghorofa ya tatu ya maktaba, mahali panapoonyesha uwanja wote. Kocha alifika saa tisa na mfuko wake wa mipira. Alipanga vile vikombe vya plastiki alivyovitumia kuweka alama, mstari mmoja, halafu wa pili. Akatazama saa. Ilikuwa saa mpya, ya bei rahisi, kwa sababu ile yake ya zamani ilikuwa kwangu. Akazunguka uwanja mara moja kwa miguu. Akakaa kwenye ngazi mahali ambapo sisi hukaa. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu hata Mama hakuwepo, na Mama hakuwahi kukosa hata siku ya mvua ya tufani. Alikaa karibu saa nzima. Mara mbili nilikaribia kushuka. Nahodha alikuwa amesimama nyuma yangu, naye akawa anasema chini chini, "Wacha. Wacha tu." Mwishowe kocha aliokota vikombe kimoja kimoja, akaufunga mfuko, akauweka begani, akaondoka. Hakuelekea bwenini. Alishika njia ya majaruba.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Hakuita mazoezi tena, na hakutusalimia. Kwenye bwalo alikaa ametugeuzia mgongo. Nahodha alisema kocha ametukata, na hatatusamehe. Mama alikuja Jumamosi bila debe, tukakaa wote kwenye ngazi bila mechi, tukawa tunaulizana kama tumemwokoa au tumemvunja. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nikimwona kwenye ile ngazi.

Halafu mchana mmoja akaingia maabara yangu na mfuko wa majani ya mpunga, akaniuliza kama mizani yetu ndogo inafanya kazi, ya kwao imeharibika. Nikampimia. Aliandika tarakimu zake kwenye daftari, kwa utulivu, nami nikajifanya naifuta mizani. Alipomaliza akauliza, bila kuinua macho, "Nani aliyetoa wazo?"

"Sote," nilisema.

"Uongo huo. Ni yule bibi wa debe."

Akafunga daftari.

"Siku ile niliwachukia," aliniambia. "Nilikaa pale nikasema, hawa nimewapa kila kitu. Halafu nikaenda zangu shamba kwa hasira, na nilipofika nikaona jua bado lipo. Unanifahamu? Jua lipo na mie sina pa kukimbilia. Nikafanya kazi mpaka giza. Sijapata Jumamosi yangu mwenyewe miaka mitatu. Nilitaka kuacha zamani, dada, nilikuwa sijui namna ya kuacha."

Nilipoyasikia hayo nikavuta kiti, nikakaa. Tangu Ifakara sikuwa nimepumua vile. Yeye alicheka kidogo, akachukua majani yake, na mlangoni akageuka kuniambia kwamba lakini kama tungemwambia tu, ingekuwa heshima zaidi. Nikamwambia tulimwambia, alikuwa akila samaki.

Mpunga wa msimu wa kwanza ulianza kujaa masuke mwezi wa sita. Zile nyavu za kijani zilikuwa zimetobolewa na mipira, na tulizishona wenyewe, lakini shomoro walipita kwenye kila tundu. Mimi nilikulia kwenye mashamba ya mpunga, na utoto wangu wote nilikuwa nikikosa shule wakati wa kuamia, yaani kufukuza ndege shambani, jambo ambalo Guangzhou sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu wenzangu wengi walikuwa watoto wa mjini. Sasa nikalisema. Nikawafundisha. Tulijipangia zamu, kuanzia jua linapochomoza, wachezaji na mashabiki pamoja, tumevaa kofia za mianzi, tunazunguka kingo za majaruba tukipiga makofi na kupaza sauti. Nahodha alikuwa na mluzi unaosikika mpaka barabarani. Mama alichukua zamu za Jumatano na Jumamosi, na debe lake.

Siku moja profesa alikuja kukagua. Alisimama kwenye tuta akimtazama mama wa Kiafrika aliyejifunga kanga anayepiga debe kwa mwiko katikati ya mpunga wa chuo. Aliniuliza yule ni mtafiti wa idara gani. Nikamwambia ni shabiki. Akarudia lile neno, akatazama tena, akaenda zake. Kesho yake aliagiza tuletewe birika kubwa la chai ya baridi, na ikawa hivyo kila siku mpaka mavuno.

Kombe la Dunia la Ufaransa lilikuwa likiendelea wakati huo. Kocha aliuliza matokeo asubuhi, tukamwambia, akasikitika au akafurahi, akarudi kwenye masuke yake. Mwezi wa saba tulivuna. Alipima kila jaruba mwenyewe na hakumruhusu mtu kushika mizani. Alipomaliza la mwisho alikaa chini kwenye tope, na Mkongo, ambaye siku hizo Kiswahili chake kilikuwa kizuri, akamletea maji, akakaa naye.

Timu iliendelea chini ya nahodha. Majira ya kombe yalipokuja tulitolewa mzunguko wa kwanza, kwa magoli manne, na moja kati ya hayo kipa wetu alijifunga mwenyewe. Kocha hakuja. Alikuwa chumbani akiandika tasnifu. Tulikuwa tumeogopa sana kwamba siku ile atashindwa kujizuia, na kila baada ya dakika chache nilikuwa nikitazama njia ya bwenini. Filimbi ya mwisho ilipopigwa, tumefungwa vibaya, Mama aliniuliza, "Hajaja?" Nikasema hajaja. Tukakumbatiana. Wageni walioshinda walitutazama wakidhani labda hatujui kuhesabu magoli.

Alitetea tasnifu yake mwezi wa kumi na mbili, katika chumba kidogo chenye baridi. Tulijaza viti vyote vya nyuma. Ilikuwa kwa Kichina kitupu, na Mama hakuelewa neno, ila alikuwa akisoma nyuso za wale maprofesa watano kama anavyosoma uso wa laoban, yaani mwenye duka, kabla ya kutaja bei. Kocha alikwama mara mbili. Mara ya pili alinyamaza muda mrefu, na profesa wake akawa anatazama mikono yake mwenyewe. Kisha neno likamjia, akaendelea. Walitutoa nje, wakatuita tena, na yule mzee wa katikati akasoma karatasi. Nikamgeukia Mama nikamwambia, "Kapita."

Mama alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Halafu akainama, akavua viatu vyake, akakaa miguu mitupu juu ya ile sakafu ya baridi, amefumba macho.

Aliondoka mwezi wa kwanza, asubuhi, kwa treni ya kwenda Hong Kong akapande ndege. Tulikwenda stesheni ya mashariki watu kumi na wanne. Mama alimpa jozi tatu za viatu vya binti yake, za saizi tatu tofauti, kwa sababu hata baba mwenyewe hakujua mguu wa mtoto umefikia wapi. Kocha alitupa mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa nahodha alianza kumweleza habari za beki wa kushoto, kwamba asimchezeshe mbele, na nahodha akamkatiza kwa upole.

"Kocha," alisema. "Enda nyumbani."

Akaenda. Katika sisi wa zamani hakuna aliyelia. Mabinti wawili wa mwaka wa kwanza, waliomjua kwa sifa tu, walilia kidogo, wakatushangaa sisi tulivyokuwa tunatabasamu.

Tulirudi Xiaobei kwenye ule mgahawa wa tambi, na huko ndiko tulikoongea. Nahodha alisema miezi yote tangu mavuno alikuwa akiota kocha amekosa treni. Mkongo alisema alikuwa akijiuliza kila siku kama kocha angemaliza mapema zaidi endapo yeye asingejifungia chumbani, na sasa ameacha kujiuliza. Mama alisema amekuwa shabiki wa timu mbalimbali tangu akiwa msichana na amelia kwa kufungwa mara nyingi, lakini ni mara ya kwanza kufurahi kwamba mtu ameondoka. Kisha akasema asituhadae, atamkumbuka, na Jumamosi itakuwa ndefu. Sote tukakubali. Lakini tulikula sana siku ile, kila mtu aliongeza bakuli la pili, na mtu angetupita dirishani angedhani ni harusi.

Mimi nilichokihisi kilikuwa wepesi. Nilikuwa nimemjua mtu kwa miaka miwili na nusu kama kitu chetu, kilichowekwa pale nyuma ya maktaba kwa ajili ya upweke wetu, na kumbe alikuwa na nyumba yake inayomngoja. Sasa alikuwa kwenye treni. Hilo lilinitosha.

Timu iliishi muhula mmoja zaidi, halafu ikapungua yenyewe, wengine wakahitimu, wengine wakahamia mpira wa kikapu. Sikuumia kama nilivyodhani.

Mwezi wa tatu, Jumamosi, mama wa Kichina aliyekaa mapokezi ya bweni, ambaye sote tulimwita shangazi, aliniita kwenye simu. Ilikuwa Unguja. Laini ilikatikakatika, na kocha alikuwa akipiga kelele kama yuko uwanjani. Alisema amepangiwa kazi kituo cha utafiti wa mpunga. Alisema saizi ya kati ndiyo iliyomkaa binti. Alisema wiki ya kwanza mtoto alikuwa akimwita mgeni, na kila asubuhi alimuuliza mama yake mgeni anaondoka lini.

"Na sasa?" niliuliza.

"Sasa ananifokea nikichelewa kurudi," alisema, na laini ikakatika.

Nilingoja kidogo kama simu italia tena, haikulia. Shangazi aliniuliza kama ni habari mbaya. Nikamwambia hapana, ni nzuri. Nje manyunyu ya wiki mbili yalikuwa yameacha, kuta za bweni zilikuwa bado zinatoka maji kama kawaida ya mwezi ule, lakini jua lilikuwa limetoka. Nikapanda juu kuchukua nguo zangu mbichi, nikazianike.